Fomu ya Mtu wa Pili

Bisha. Sabiri huanza hivyo kila mara, bisibisi ndogo ameichomeka juu ya sikio kama kalamu ya seremala. Bisha, anakwambia, halafu kesho saa saba mchana nikupeleke kwenye laini za mkonge kule nyuma, nikuache dakika kumi tu, na ukirudi na sauti yako ileile nakupa simu yoyote utakayoichagua hapa mezani. Hajapata wa kwenda. Wabishi wa Kabuku ubishi wao huishia kivulini.

Sabiri ni fundi simu. Shule aliiacha kidato cha pili, ingawa ukimsikiliza yeye, ni shule iliyoshindwa kwenda na kasi yake. Anabadilisha vioo, anafungua simu zilizojifunga, anaingiza nyimbo kwenye memori kadi za madereva wa malori wanaosimama kula pale barabarani. Mdomo wake haupumziki. Huyu atamwita shemeji, yule atamwambia simu yake ilishakufa bado kuzikwa tu. Lakini jioni akishafunga kibanda huingia kwenye nyumba ya vyumba viwili aliyoachiwa na mama yake, Zamda, na humo hasemi neno, kwa sababu hana wa kumwambia. Mama alikufa miaka miwili iliyopita. Alichobakiza cha kusikika ni ujumbe mmoja wa sauti kwenye simu, sekunde kumi na nne: "Sabiri mwanangu, ukirudi njoo na chumvi. Na usipite kwenye mvua, kifua chako unakijua." Basi. Sabiri huusikiliza kabla ya kulala, kila siku, na ukimwambia mtu huyo ndiye yuleyule wa kibandani atakucheka.

Kazi ya kuhoji wazee aliletewa na dada Asnath, binti wa huko Dindira, kwa wakulima wa chai, anayesomea historia chuoni. Alikuwa akikusanya habari za watu waliofanya kazi kwenye mashamba ya mkonge zamani, kabla hawajaisha wote. Alitaka mtu anayejua Kizigua na anayejua mashine ya kurekodi. Watu wakamwelekeza kibandani.

"Kuhoji wazee?" Sabiri akasema. "Dada, mimi nilianza kuhoji nikiwa tumboni. Mama alikuwa hapati usingizi."

"Kazi yenyewe ni kunyamaza," Asnath akamjibu. "Utaiweza?"

Akamfundisha siku mbili. Kwanza uende kwa mzee bila mashine, umpe sukari na salamu tu. Uchague mahali pasipo kuku wala redio. Ukianza kurekodi utaje tarehe, mahali na kila aliyepo. Usiulize "je, ni kweli?", sema "hebu nieleze". Mzee akinyamaza, nyamaza naye, kwa maana mara nyingi jambo lenyewe liko nyuma ya kimya. Na kabla ya yote umsomee fomu ya ridhaa kwa sauti, mstari kwa mstari, aweke saini au dole gumba.

"Hiyo fomu ni ahadi," Asnath alimwambia. "Usimsomee mtu kama unamsomea bei ya chaja."

Mzee waliyempanga alikuwa Mzee Mbwana, mwenye miaka themanini na kitu, mtu wa mwisho kuishi kwenye laini. Laini ni yale majengo marefu ya vyumba vilivyopangana ambamo manamba walilazwa, vijana waliotolewa makwao mbali kuja kukata mkonge kwa mkataba. Shamba lile lilikwishakufa. Mabati yalikwenda, milango ikawa kuni, na kati ya vyumba sitini kilichokuwa na paa ni kimoja, cha kwake. Asnath alimtaka mzee huyo kuliko wote, kwa kuwa alikuwa na kitu ambacho hakimo kwenye daftari lolote. Alikuwa akijua majina. Nyuma ya laini kuna makaburi arobaini na moja yasiyo na alama, na Mzee Mbwana, aliyewachimbia wengi wao, aliweza kuyataja yote kwa mpangilio, nani kalala wapi, katoka wapi, kafa kwa nini. Kulikuwa na familia Kigoma na Songea zilizokuwa zikisubiri majina hayo. Asnath alisharudia mara tatu: "Sabiri, majina kwanza."

Sabiri alifika saa saba kasoro. Mzee ndiye aliyechagua saa hiyo.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu. Leo umekuja na mashine?"

"Nimekuja nayo, na ina betri kuliko mimi. Haya, nimwandike nani kwenye fomu? Wewe peke yako?"

Mzee akatazama mlangoni. "Tuko wawili."

"Eh! Umeoa tena, mzee?"

"Mke wangu alikufa zamani. Huyu ni mwenzangu tu. Saa saba ndiyo saa yake ya kukaa hapa."

Pale mlangoni palikuwa na kigoda. Chumba kizima kilikuwa na vumbi jekundu, kitandani, kwenye sufuria, juu ya redio iliyokufa, lakini kigoda kile kiling'aa katikati kama kitu kinachokaliwa kila siku.

"Alikuwa hapa kabla ya mkonge," mzee akaendelea, kwa sauti ya chini. "Walipofyeka pori walimfukuza kwake. Akahamia huku kwenye laini, kwa wanaume wasio na watu wao. Walipoondoka wote tukabaki sisi. Mimi nasema, yeye anasikiliza. Huwa hasemi."

Mtu mwingine hapo angesoma dua kimoyomoyo na kufunga mfuko wake. Sabiri aliona utani umemjia wenyewe. Akachomoa fomu ya pili, akageukia kigoda, akainama kama karani wa mahakama.

"Karibu, bwana mkubwa. Jina? Hana. Kabila? Tuache. Kazi? Kusikiliza."

"Sabiri, usimtanie," mzee akanong'ona. "Huyo hajawahi kuulizwa na mtu."

"Ndiyo namuuliza sasa, mzee. Kila aliyepo lazima asomewe." Na akasoma, kwa madaha, sauti yote: "Sauti yako itatunzwa, wala haitafutwa bila ridhaa yako. Utasikilizwa bila kukatizwa, mpaka mwenyewe useme umemaliza." Akaweka karatasi na kidau cha wino juu ya kigoda, akacheka, akamgeukia mzee na kuanza kazi.

Na kazi aliifanya vizuri, hilo tumpe haki yake. Mzee Mbwana alisema kwa muda wa saa mbili. Alimtaja Linusi wa Songea aliyeangukiwa na mzigo wa mkonge. Alimtaja Salvatori, Muha, aliyekufa kwa homa akimwita dada yake. Alimtaja mmoja ambaye watu walimjua kwa namba ya kipande chake, ile kadi ya kazi, tu, mpaka usiku wa kufa alipomshika Mbwana mkono akamwambia jina lake, na jina hilo mzee akalitamka polepole, akanyamaza. Sabiri akanyamaza naye kama alivyofundishwa. Arobaini na moja, wote wakatimia. Mwisho akauliza swali la kufungia: "Kuna lolote ambalo sikuuliza, na ungependa kulisema?"

Mzee akatikisa kichwa. Lakini Sabiri alipoinama kuzima mashine alisikia mlangoni mtu akisafisha koo.

Akageuka, hakuna mtu. Akajiambia ni mbuzi.

Kibandani, alipokuwa akipanga karatasi, akaiona fomu ya pili. Penye nafasi ya dole gumba palikuwa na alama ya wino, nyembamba, ndefu kama ncha ya jani la mkonge, laini, isiyo na mstari hata mmoja wa kidole cha binadamu. Akaitazama weee. Kisha akavaa spika za masikioni, akafungua rekodi. Alirekodi kwa saa mbili. Kioo cha mashine kilisema urefu wa saa tano na dakika tisa.

Akaisogeza mbele mpaka baada ya swali la kufungia. Ikasikika pumzi. Halafu sauti, kavu, ya mbali, kama ya mtu anayesemea ndani ya mtungi, kwa Kizigua cha zamani ambacho hata bibi yake asingekimaliza chote. Ilikuwa ikisimulia. Ilieleza mti, maji yaliyokuwa chini ya mti, jina la kila mnyama aliyekunywa pale. Haikuwa na hasira. Hilo ndilo lililomtisha Sabiri, kwamba ilisema kama mtu aliyekaa miaka mingi bila kutembelewa na sasa amemshika mgeni mkono na hataki aondoke. Akabonyeza kuzima.

"Sijamaliza," ikasema. Mashine ilikuwa imezimika.

Kesho yake wateja wakaanza. Dereva mmoja wa lori akarudisha memori kadi yake akiwa amefura.

"We Sabiri! Nilikwambia uniwekee singeli, umeniwekea babu anayelalamika!"

"Babu gani?"

"Sikiliza mwenyewe! Kutoka hapa mpaka Chalinze ananisimulia habari za swala!"

Watu wakacheka, na Sabiri akacheka nao, akamwekea nyimbo upya bure. Saa saba ilipofika harufu ikaingia kibandani, ile chachu ya mkonge uliotoka kusagwa, harufu inayoshika kooni, na mkonge wa mwisho kusagwa eneo lile ulisagwa Sabiri hajazaliwa. Siku ya tatu wakaja wateja sita. Siku ya nne hakuja mtu, maana habari zilishaenea, na Sabiri akakaa mbele ya meza yake kutwa nzima peke yake, na ile sauti ikisimulia ndani ya kila simu mbovu iliyokuwa kwenye droo, simu zisizo na betri, zisizo na spika, zote pamoja, kwa upole.

Jioni hiyo alikwenda nyumbani mapema, akajifungia, akatoa simu yake, akabonyeza ujumbe wa mama.

"...ukirudi njoo na chumvi. Na usipite kwenye mvua, kifua chako unakijua."

Akabonyeza tena. Akabonyeza mara kumi, akaweka simu sikioni, akaiweka kifuani, akainama nayo chini ya kitanda penye giza kama mtu anayetafuta kitu kilichoanguka, na kila mara mama alianzia kwenye chumvi, na pale mwanzo palipokuwa na jina lake, pale palipokuwa na "mwanangu", palikuwa na pumzi tu ya mtu mwingine aliyekaa karibu sana na kinywa cha mama yake, akingoja zamu.

Asubuhi chumvi nayo ilikuwa imekwenda. Ilibaki mvua na kifua.

Akapanda basi la Korogwe, na kutoka Korogwe akapanda pikipiki mpaka Mashewa, kwa Bibi Maryamu, mwanamke mfupi anayelima mihogo na ambaye watu wa bonde lote humpelekea wagonjwa wao wakishindikana. Alimkuta akimenya mihogo. Hakuacha kumenya.

"Umekuja naye," akasema. "Amekaa nyuma ya pikipiki njia nzima. Muulize mwenzio aliyekuleta, tairi lake limekaa chini. Haya sema, ulimfanya nini?"

Sabiri akasema. Alipofika kwenye fomu, kisu kikasimama.

"Ulimsomea?"

"Nilikuwa natania, bibi."

"Nimekuuliza, ulimsomea kwa sauti?"

"Nilimsomea."

"Na ukampa wino." Bibi Maryamu akafuta mikono kwenye kanga. "Mjukuu wangu, mimi nimetoa majini yaliyotumwa, nimetoa yaliyorithiwa, nimetoa yaliyopenda watu. Hili hukutumiwa wala halikukupenda. Wewe umelialika, ukaliandikia. Ubani hautoi mkataba."

Hata hivyo ubani akauchoma. Ilipofika saa saba, jua limesimama utosini na kuku wenyewe wamenyamaza, akamkalisha Sabiri juu ya mkeka, mashine mbele yake, akamfunika shuka jeupe, na chini ya shuka lile Sabiri akasikia joto la mwili mwingine likikaa ubavuni mwake, polepole, kama mzee anavyokaa kwa kuhofia magoti, na ile harufu chachu ikajaa mpaka machozi yakamtoka, na nje ya shuka Bibi Maryamu akiuliza kwa sauti ndogo kuliko ya mtu anayemwamsha mtoto, unataka nini, na jibu likatoka kinywani mwa Sabiri mwenyewe, kwa ulimi wake na meno yake, bila yeye kulisema.

"Nisikilizwe mpaka nimalize."

"Utamaliza lini?"

"Bado niko kwenye mti."

"Huyu ni kijana. Atakufa hujafika kwenye mkonge."

"Niliahidiwa."

Sabiri alisikia nzi mmoja, na moyo wake.

"Chukua kingine, umsamehe," bibi akasema.

"Nipe sauti ya mtu. Nzima, niishi ndani yake. Ya kwangu imechoka kukaa peke yake. Na aliyeitoa asiisikie tena."

Bibi Maryamu akaingiza mkono chini ya shuka, akamshika Sabiri kiganja. "Umesikia. Mashine hii na simu yako zina sauti za watu. Itaje moja kwa jina la mwenyewe. Moja tu. Na usinidanganye kwamba haikuumi, maana isiyouma haitapokelewa."

Hapa ndipo kibanda kizima hunyamaza Sabiri anaposimulia. Hushusha sauti. Anasema alimfikiria mama yake. Anasema alizikumbuka zile sekunde, akakumbuka majina arobaini na moja ya watu waliokufa bila ndugu, akajiona yeye ni mwanamume, akataja: Zamda. Upepo ukapita, shuka likaanguka, harufu ikakatika kama imefungiwa mlango. Yeye akabaki bila mama mara ya pili. Mashine, bahati mbaya, ikaharibika palepale kwa nguvu ya lile jini. Watu hutikisa vichwa. Kuna mama muuza vitumbua hulia kila akiisikia, na humpa viwili bure.

Asnath aliisikia hadithi hiyo wiki sita baadaye, alipokuja kuchukua mashine yake. Aliisikiliza mpaka mwisho, hakumkatiza. Watu wakatawanyika. Yeye akabaki amekaa kwenye benchi, na Sabiri akamtupia utani mmoja, akatupa wa pili, hakujibiwa. Asnath alinyamaza tu, na kimya kikawa kirefu, kikawa kama chumba.

"Dada, usinitazame hivyo."

Asnath akaendelea kumtazama.

"Mashine haikuharibika," Sabiri akasema. "Iko kwenye droo hapa. Inafanya kazi. Haina kitu."

Asnath akaweka mikono magotini.

"Sikumtaja mama. Nilifungua mdomo nimtaje, dada, wallahi nilifungua. Nikasema Mbwana. Bibi akauliza, huyo anakuuma? Nikasema ananiuma, na ni kweli alikuwa ananiuma, ndiyo maana ilipokelewa. Nilidhani ni faili tu. Nilijiambia, mzee yupo hai, nitarudi kesho na sukari, nimhoji upya, majina atayataja tena, nani atajua? Mama asingeweza kunisemea tena. Mzee angeweza. Hesabu yangu ilikuwa hiyo."

"Ulirudi?" Ilikuwa mara ya kwanza Asnath kuuliza.

"Kesho yake. Nilimkuta amekaa kitandani. Kigoda mlangoni kimeshashika vumbi. Nikasema shikamoo, mzee, akafungua kinywa, na hakikutoka kitu. Hata kukohoa kwake hakukuwa na sauti. Watu wa zahanati walisema ni kiharusi, lakini mkono ulikuwa mzima, mguu mzima, na uso haukupinda. Kilichoondoka ni kile tu. Na kuandika hakujua."

Sabiri alikuwa ameshika bisibisi, akiizungusha.

"Aliishi siku kumi na moja. Nilikwenda kila siku, dada, hilo hakuna anayejua hapa. Tulikaa wawili, hakuna wa kusema. Siku ya mwisho alininyooshea kidole kwenye mfuko, akagusa sikio lake. Alikuwa anataka kujisikia. Anataka nimwekee, asikie kama majina yote yapo. Nikamwambia betri imekwisha, mzee, kesho. Akatikisa kichwa, akapanga vidole vyake juu ya shuka, akaanza kuhesabu, midomo inacheza, jina moja moja, polepole, ananitazama aone kama nimeshika. Arobaini na moja. Nilimtazama mdomo mpaka mwisho, dada Asnath. Sikushika hata moja."